Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: Yarudisheni majina ya wapagazi mnarani

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya,
Mkoa wa Iringa.

Yah: UKARABATI ULIOHARIBU MNARA WA KUMBUKUMBU YA VITA KATIKA KATA YETU

Ndugu Mkurugenzi,

Kamwene, na pole kwa majukumu.

Barua hii ingekuwa ya siri kama zile zilizotangulia zingejibiwa. Zote zina mhuri wa kupokelewa masijala na nakala zake tunazo. Tulianza kuambiwa jambo hili ni la Utamaduni. Utamaduni wakasema ni la Ujenzi, Ujenzi wakasema mkandarasi ameshalipwa na faili limefungwa. Mtendaji wa Kata alitusihi tuwe na subira, nasi tukawa nayo. Sasa tunaandika hadharani kwa sababu milango ya ofisi tumeibisha yote, na mvua za Novemba hazisubiri kikao cha robo mwaka.

Tunafahamu kuwa ulihamia wilaya yetu kazi ikiwa imeshaanza. Hatukulaumu kwa uamuzi wa kwanza. Tunakuandikia kwa kuwa uamuzi wa pili ni wako.

Kwa msomaji asiyeujua mnara wenyewe: ni nguzo ya mawe yenye pande nne, inamzidi mtu mzima urefu, iko karibu na mnada wa zamani. Ilijengwa miaka ya hamsini na wazee waliorudi kutoka KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walichanga pesa zao, wakabeba mawe ya mlimani, wakatafuta fundi wa misheni aliyejua kujengea chokaa. Upande wa magharibi waliandika wenzao waliofia Burma na baharini. Upande wa mashariki waliandika baba zao na wajomba zao, yaani wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Kusini palikuwa na bamba la shaba lenye maelezo ya mnara. Kaskazini hapakuandikwa kitu, na wazee waliokuwapo wakati ule walisema paliachwa makusudi kwa majina yatakayokumbukwa baadaye.

Mwaka jana ukatengenezwa, kama ilivyoandikwa kwenye kibao cha mradi. Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Saruji juu ya chokaa

Mawe yale yaliungwa kwa chokaa, na chokaa hupitisha unyevu. Mvua ikinyesha maji kidogo huingia ndani, jua likiwaka hutoka. Ndiyo maana mnara ulisimama miaka yote hiyo bila mtu kuugusa, katika nchi inayopata mvua mfululizo toka Novemba hadi Aprili na baridi ya kuuma mwezi Juni na Julai. Mkandarasi alikuja akaupiga lipu ya saruji kuanzia chini hadi juu, kisha akapaka rangi ya mafuta, nyeupe, mikono miwili. Ni sawa na kumvalisha koti la plastiki mtu aliyelowa. Maji yanayopanda kutoka ardhini hayana tena pa kutokea, yanatafuta njia kupitia kwenye jiwe, na jiwe linamomonyoka kwa ndani huku nje panang'aa.

Hili halihitaji mtaalamu kulithibitisha. Nenda pale, gonga kwa vidole upande wa magharibi, usawa wa kiuno. Panalia wazi kama debe, maana yake lipu imeshaachana na jiwe. Chini kabisa, karibu na vigae vya sebuleni vilivyobandikwa kuzunguka msingi (nani aliona mnara wa vita unahitaji vigae vya maua, sijui), kuna chumvi nyeupe imechomoza kwenye kiungo. Ukiipangusa leo, baada ya wiki imerudi. Kona moja imeshabanduka kipande cha ukubwa wa sahani, na kilipoanguka kiliondoka na ngozi ya jiwe. Kwenye ile ngozi kulikuwa na herufi tatu za jina la mtu. Kipande hicho tumekihifadhi.

Fundi yeyote wa zamani wa misheni angewaambia kuwa ukuta wa chokaa hurekebishwa kwa chokaa. Chokaa inapatikana, bei yake haitishi. Kinachotakiwa ni muda wa kuiloweka mpaka ikomae, na mtu mwenye subira ya kujaza kiungo kimoja kimoja kwa mwiko mdogo. Inaelekea subira hiyo haikuwekwa kwenye mchanganuo wa gharama.

2. Bamba la shaba

Liling'olewa siku ya kwanza ya kazi "likahifadhiwe". Tukauliza linahifadhiwa wapi. Jibu likawa stoo. Tukaomba hati ya makabidhiano, haipo. Tukaomba tuonyeshwe bamba lenyewe, mwenye ufunguo yuko likizo. Wilaya hii ina wanunuzi wa vyuma chakavu kila kijiji na kila mmoja anajua bei ya shaba kwa kilo, kwa hiyo utatuwia radhi tukiwa na wasiwasi. Mahali pa bamba pamewekwa marumaru nyeusi yenye jina la kiongozi aliyezindua ukarabati, tarehe ya uzinduzi na jina la kampuni. Ukiusoma mnara leo, majina unayoweza kuyaona vizuri ukiwa barabarani ni hayo tu.

3. Majina ya wapagazi yamefutwa

Hili ndilo lililotutoa nyumbani. Hayo mengine tungeweza kuyavumilia kwa kunung'unika.

Upande wa magharibi, majina ya askari yamepakwa rangi ikajaa ndani ya herufi, lakini angalau mkandarasi aliandika juu yake upya, kwa makosa. Upande wa mashariki hakuandika kitu. Lipu imepita juu ya majina yote. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba kwa mujibu wa maelekezo huu ni "mnara wa askari", na wale wa mashariki hawakuwa askari.

Ndugu Mkurugenzi, ni kweli hawakuwa askari. Wengi wao hawakujiandikisha popote. Majeshi ya Waingereza yaliingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916. Kabla yao Wajerumani walishachukua watu na chakula, na Waingereza nao wakachukua. Oktoba 1918 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliporudi kutoka Msumbiji akapitia Njombe kuelekea Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), kulichukuliwa tena, mpaka aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Huku nyuma yakabaki mashamba yasiyolimwa, njaa, na mafua makali ya 1918. Wapagazi wanaokadiriwa kufa kwa upande wa Waingereza peke yake ni kama 95,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na mzigo wenyewe.

Na kila aliyepigana alipigana juu ya vichwa vyao. Hata ndege za Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Waingereza, zilizofanya kazi katika vita hii, zilihitaji viwanja vilivyofyekwa kwa mikono ya watu, na pale gari liliposhindwa kupita, mizigo ilipita kichwani. Rubani aliyekufa ana jiwe lenye jina lake, na ni haki yake. Wanajeshi wa anga waliokufa wakati wa Vita vya Pili bila makaburi yao kujulikana walijengewa mnara kule Runnymede, Uingereza, uliozinduliwa 1953, wenye majina zaidi ya 20,000. Hatuna kinyongo na marubani. Tunasema tu kwamba kazi ya kumwandika mtu asiye na kaburi, ambayo dola kubwa iliifanya kwa pesa za dola, wazee wa kata hii waliifanya kwa michango ya mauzo ya mahindi, miaka ileile ya hamsini.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza, watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Tena wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kundi hilo la mwisho wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Ndio hao hao wa upande wetu wa mashariki. Waingereza wenyewe wanatafuta namna ya kuyapata majina waliyoacha kuyaandika, na sisi tuliokuwa nayo, yamechongwa kwenye jiwe, tumeyapiga lipu.

Elewa uzito wake. Askari wa upande wa magharibi ukimkosa mnarani unaweza kumtafuta kwingine. Wapo wawili walikuwa wa mizinga, walizama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani ikiwa njiani toka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa karibu watu 1,300 siku ile. Hawa hawana kaburi, lakini wana kumbukumbu katika orodha za jeshi, na Tume ina daftari lake ambalo mtu yeyote mwenye simu anaweza kulisoma. Mpagazi hana daftari. Jiwe lile ndilo lilikuwa daftari lake, nakala moja tu.

Bahati nzuri, miaka kadhaa kabla ya ukarabati, wanafunzi wa shule yetu ya sekondari walibandika karatasi juu ya majina na kusugua kwa mkaa. Hatukujua kama siku moja itakuwa ushahidi. Majina mengi yanasomeka. Mengine ni ya Kihehe, mengine ya Kibena, mawili matatu ni ya Kikinga, na moja limeandikwa jina la baba tu kwa sababu waliolichonga walishasahau jina la kijana mwenyewe. Karatasi hizo tuko tayari kuzileta, kwa makabidhiano ya maandishi.

4. Mpango wa kuuhamisha

Tumesikia kwenye mkutano wa kijiji kwamba eneo lile litapimwa kwa ajili ya fremu za maduka na kituo cha bodaboda, na mnara "utasogezwa". Vijana wa bodaboda ni watoto wetu, wanahitaji kivuli. Eneo la mnada ni kubwa, linatosha. Mnara wa mawe yaliyoungwa kwa chokaa uliokwisha kulegezwa na saruji hausogezwi, unavunjwa. Na mikaratusi iliyopandwa hatua chache kutoka msingi ing'olewe kabla mizizi haijafanya kazi ambayo mkandarasi hakuimaliza.

Sasa majibu ambayo tumeshayasikia, ili tusiyarudie.

Kwamba hakuna bajeti. Bajeti ya vigae ilikuwapo. Tunachoomba hakihitaji vigae.

Kwamba ni vita ya Wazungu na mnara wa kikoloni. Hoja hii tumeisikia kwa watu tunaowaheshimu, kwa hiyo inastahili jibu. Vita ilikuwa yao, vifo vilikuwa vyetu. Mnara haukujengwa na serikali ya kikoloni, haukuzinduliwa na gavana, na hauna jina la Mzungu hata mmoja. Mkoa huu unajua vizuri kutofautisha mambo hayo. Tunatunza Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa, tunakwenda Mlambalasi alikofia, na pale Lugalo tunawaonyesha watoto mahali ambapo alilishinda jeshi la Wajerumani la Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Waliochukuliwa upagazi 1917 ni wana na wajukuu wa watu waliopigana Lugalo. Hatuwezi kuwaenzi babu Lugalo na kuwapiga lipu wajukuu mnadani.

Kwamba wazee waliridhia. Karatasi tuliyoonyeshwa kama uthibitisho wa ridhaa ni orodha ya mahudhurio ya kikao cha chanjo ya mifugo. Sahihi ni zao kweli, na mmoja ameweka dole gumba. Juu ya karatasi kichwa cha habari kimekatwa kwa mkasi. Sitasema zaidi ya hapo kwa leo.

Kwamba mnara hauko kwenye orodha ya Mambo ya Kale, hivyo hausimamiwi na mtu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inampa Waziri uwezo wa kutangaza mnara au eneo kuwa la kuhifadhiwa. Kutokuwapo kwenye orodha ni sababu ya kuomba uingizwe. Haikuwa ruhusa ya kuupiga saruji.

Kwamba mkandarasi keshaondoka. Mkataba wa ujenzi una kipindi cha uangalizi wa kasoro. Lipu inayobanduka kabla ya mwaka kwisha ni kasoro, hata kwa wasiojali historia.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Kazi yoyote mnarani isimame kuanzia sasa, pamoja na upimaji wa fremu, mpaka mtaalamu wa uhifadhi kutoka Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa afike aone. Mjini Iringa tuna Makumbusho ya Boma, watu wanaoweza kutoa ushauri wa awali hawako mbali.

(b) Bamba la shaba lionyeshwe kwa kamati yetu mbele ya Mtendaji wa Kata, lipigwe picha, liandikishwe. Kama halipo, taarifa ipelekwe polisi, siyo stoo.

(c) Saruji iondolewe kwa patasi na nyundo ndogo, kidogo kidogo, ianziwe sehemu isiyo na maandishi ili ionekane jiwe linavumilia kiasi gani. Grenda isiguse mnara. Tunasisitiza hilo kwa sababu tumeshaambiwa kuna kijana ana grenda na yuko tayari kumaliza kwa siku moja. Rangi iliyo ndani ya herufi itolewe na mtu anayejua dawa ipi haili jiwe. Pasipojulikana, bora iachwe kwanza.

(d) Viungo vijazwe kwa chokaa, katika miezi ya kiangazi, na kabla ya hapo mvua zizuiwe kwa paa la muda la mabati. Mabati na nguzo wananchi tutachanga. Hilo tumeshakubaliana kwenye kitongoji.

(e) Majina ya mashariki yarudi kama yalivyokuwa, kwa kufuata karatasi za mkaa. Herufi zilizokufa kabisa zisibuniwe. Jina likibaki nusu libaki nusu, na yale yaliyopotea yaandikwe kwenye bamba jipya upande wa kaskazini, ule ulioachwa wazi.

(f) Marumaru ya uzinduzi ihamishiwe kwenye ofisi ya kata. Hatudai ivunjwe.

(g) Tupewe nakala ya mkataba, mchanganuo wa gharama na muhtasari wa kikao kilichopitisha kazi hii. Ombi hili tunalifanya chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka tujibiwe ndani ya siku 30.

Siku 30 zikipita, tutaipeleka barua hii kwa Mkuu wa Mkoa na kwa Idara ya Mambo ya Kale, pamoja na picha, kile kipande cha jiwe, na nakala ya ile orodha ya chanjo. Tungependelea tusifike huko. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Taifa huweka mashada, ngao na mkuki, upinde na mshale. Kata yetu imekuwa ikifanya shughuli yake ndogo siku hiyohiyo, tukiyasoma majina pande zote mbili. Mwaka huu upande mmoja ulisomwa kutoka kwenye karatasi.

Ukipata nafasi, njoo mwenyewe kabla hujasaini dokezo lolote. Jumamosi asubuhi wajumbe wa kamati huwa pale. Ukitoka barabara kuu, pita njia ya juu kwenye mashine ya kusaga, ile ya chini daraja lake limekatika, na hilo nalo lina barua yake masijala.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kamati ya Wananchi ya Mnara
(Jina na sahihi vimo kwenye nakala iliyowasilishwa ofisini kwako.)

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Afisa Utamaduni wa Wilaya
Mtendaji wa Kata – ibandikwe ubao wa matangazo